Soya ya Uji wa Kamala

Jumatatu, 28 Aprili 2025. Buganguzi.

Wadudu wametoboa majani ya soya yangu. Gaudiosa, dada wa marehemu mume wangu, kapita akasema wifi, soya yako imevaa kanga ya zamani. Yake imenawiri, hapo ng'ambo ya mfereji. Nikamwambia afunge mdomo. Kisha nikamkatia mkungu wa ndizi, maana amekonda.

Mjukuu wangu Annastella yuko Kibeta na mwanawe Kamala, mwembamba kama kijiti. Kliniki wanataka uji wenye soya. Nimeahidi itatoka kwangu. Gaudiosa naye ameahidi. Tumbo lenyewe ni dogo, halitoshi soya ya bibi wawili.

Jumanne, 29 Aprili.

Avit, bwana shamba, kasema kifuniko kimoja cha dawa ya wadudu kwa bomba zima la kunyunyizia lililojaa maji. Nikauliza, na nikitia vitatu? Akasema waitu bibi, usithubutu. Hakusema kwa nini. Sasa nikalale bila kujua?

Nimeazima bomba la Gaudiosa. Nimemdanganya nanyunyizia kahawa. Tuta la kwanza, kifuniko kimoja. La pili, vitatu. La tatu dawa ikaisha, nikalipigia ishara ya msalaba.

Ijumaa, 2 Mei.

Tuta la pili wadudu wamekufa wote. Safi kabisa. Na majani nayo yamekufa, kama yamepitiwa na moto. Avit kaja, kasema dawa ikizidi huunguza jani na mmea unadumaa. Nikamuuliza kusema hayo Jumanne kungempunguzia nini. Kacheka. Nimempa chai, mtoto wa watu hajala tangu asubuhi.

Jumapili, 18 Mei.

Baada ya misa nimekwenda shambani. Tuta la kwanza lina maganda ya kutosha. La pili limebaki fupi, aibu tupu. La tatu, lile la msalaba, majani yana matundu lakini maganda yamelishika shina toka chini hadi juu. Lina vidudu vyekundu vyenye madoa, Avit anasema hivyo vinakula wadudu waharibifu, nisiviguse, na soya haifi kwa matundu machache. Nimemsikiliza vizuri sana.

Gaudiosa kaliangalia. Halafu kasema tuchanganye zetu, mtoto ashibe. Nimekataa. Kamala atakula ya tuta la tatu.

Limebeba hivyo bila hata tone la dawa. Likiionja je?

Dawa nyingine nimeshanunua. Kesho alfajiri nalipulizia.