Idara Iliyostaafisha Hapana

Nawatega, wajukuu zangu: mtoto mwenye meno mawili hulisema, mkubwa mwenye meno thelathini na mawili linamshinda. Ni nini? Msiumize vichwa. Ni neno "hapana".

Idara yetu ililistaafisha kwa heshima zote. Nasema yetu, maana chai nilipika mimi, na bila chai hakuna idara. Waraka ukabandikwa mlangoni: kuanzia leo hakuna mwananchi atakayekataliwa. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mtumishi mwenye dharura ya kukataa ajaze fomu, isainiwe na wakubwa watatu. Wakubwa tulikuwa nao wawili. Utaratibu mzuri sana.

Basi kila ombi likawa "linafanyiwa kazi". Watu wakarudi makwao wamefurahi. Wakaja tena kesho, wamefurahi kidogo.

Fundi cherehani alikuja kuomba kupanga chumba kitupu cha pale getini. Mjane huyo, watoto watatu, anashonea kwenye baraza za watu. Mvua ikinyesha anaikumbatia cherehani kama mgonjwa. Dada yake alikuwa amemtafutia chumba kingine sokoni, ila mwenye nyumba alisema atamngoja mpaka Ijumaa, basi.

"Mwanangu, nipe hata hapana nikajipange," alimwambia karani.

"Mama, unataka nifukuzwe? Linafanyiwa kazi."

Sasa Mkurugenzi, mgane wa miaka miwili, si akampenda fundi! Moyo hausomi waraka. Jumatatu akatoka ofisini kwake, tai imenyooka, akamuuliza mbele ya foleni nzima:

"Fundi, utakubali nikuoe?"

Fundi akamtazama kwa upole. "Ombi lako limepokelewa, mzee."

Jumanne: "Linafanyiwa kazi." Jumatano: "Limepelekwa ngazi ya juu." Ngazi ya juu ni mama yake fundi, na mama huyo alikuwa safarini. Mkurugenzi akaacha kula; chai yangu ikawa inapoa mbele yake na sukari yake yote. Foleni nayo ikanogewa. Hata wasio na shida wakawa wanadamka kuwahi nafasi za mbele.

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi akatokea amevaa viatu viwili visivyojuana.

"Fundi, unaniua! Sema lolote. Hata hapana nitaipokea."

"Na fomu, mzee?"

"Achana na fomu!"

"Haya, tuanze na langu, maana ndilo lililotangulia. Chumba cha getini nitapata?"

Mkurugenzi akabandua waraka mlangoni, akajifutia jasho.

"Hapana. Alishapewa shemeji yangu tangu mwezi wa kwanza."

Karani akaangusha muhuri. Fundi akachukua mkoba wake haraka. Mwenye nyumba wa sokoni alikuwa bado anangoja.

"Ahsante, baba, umenisaidia sana," akasema. "Na lako pia ni hapana."