Darasa la Kugusa Wino

Jumatatu, 5 Julai 1976

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kidole ndicho kinachogusa. Sivyo. Kidole hupeleka habari tu. Inayogusa ni elimu. Nimelieleza jambo hili leo kiwandani kwa subira kubwa, mara mbili, na bado nikaitwa babu.

Aliyeniita babu ni Melania, mwanafunzi wa chuo aliyekuja hapa Shinyanga kwa mafunzo ya vitendo, katika kiwanda chetu cha uchapaji. Anachunguza jinsi mkono unavyouhisi wino uliochapwa. Nilimsahihisha: mimi ni Mwalimu Mkuu Mstaafu. Akasema ndiyo, babu.

Jambo lenyewe ni zito, sikatai. Dawa ya minyoo ya ng'ombe na sumu ya wadudu wa ghalani huuzwa katika pakiti zinazofanana. Mwaka jana jirani yangu Makoye alikoroga dawa alfajiri, gizani, akamnywesha dume wake wa kulimia. Ilikuwa sumu. Dume hakuliona jua. Sasa Melania anataka pakiti za sumu zichapwe kwa wino wa kuvimba. Unanyunyiza unga wa ulimbo juu ya wino mbichi, unapitisha pasi ya mkaa karibu, wino unafura kama kovu. Meneja Ignas hataki. Unga ni ghali. Amempa hadi Jumamosi. Mikono ya watu ikithibitisha kwamba wino huo unahisika bila kuonekana, pakiti zitabadilishwa. Isipothibitisha, binti afunge mizigo.

Niliombwa nilete mikono. Nikaleta wafugaji, Makoye akiwemo. Akaja pia Mwanaidi, muuza vitenge wa sokoni. Huyo sikumwalika mimi.

Kuna sanduku la chai lenye tundu, na tundu lina pazia. Unaingiza mkono, unagusa kadi tatu za wino tofauti, moja moja, unasema unachohisi. Nilianza mimi, kama inavyostahili. Ya wino laini nikasema inanata. Ya kunata nikasema laini. Mwanaidi akauliza kwa sauti, mwalimu, hivyo vidole umevivalisha soksi? Wafugaji wakaangua kicheko. Nusu yao niliwafundisha mimi!

Melania akaandika, akanishukuru. Kunishukuru kwa kukosa! Hizo ndizo dhihaka za wasomi wa siku hizi.

Jumanne, 6 Julai

Mwanaidi leo. Kadi ya pili, eti inanata kama kitenge kipya ambacho hakijafuliwa. Sahihi. Akajipigia vigelegele mwenyewe. Ya tatu akasema karatasi imechanika. Kosa! Nilicheka kwa adabu. Melania akayaandika yote mawili kwa furaha ileile.

Nikamwuliza alama ya kufaulu ni ngapi. Akasema hapa hakuna kufaulu, babu, nataka tu kila mtu aseme anachohisi. Katika miaka yote niliyoshika chaki sijasikia upuuzi wa namna hiyo. Mtihani usio na kufaulu ni sufuria isiyo na kitako.

Lakini nimegundua kitu. Kadi huja kwa mpangilio uleule kila mara: laini, ya kunata, ya kuvimba. Binti bado mgeni wa kazi, haujui ujanja wa watahiniwa. Mimi naujua. Niliuchapa viboko maisha yangu yote.

Huu si wizi. Ni maandalizi.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Wengine uwanjani kwenye hotuba na ngoma. Sisi barazani kwangu, tuisheni. Wafugaji walifika wote. Niliwaahidi michembe ya viazi vikavu na karanga.

Nilisimama na fimbo. Ya kwanza? Laini! Ya pili? Inanata! Ya tatu? Imevimba! Tulirudia hadi kuku wakahama uani.

Makoye, mgumu wa kuelewa tangu darasa la kwanza alilolikimbia, akanyoosha mkono. Akauliza, na mkono nao utakuwa unafanya nini mle ndani? Nikamweleza kwamba mkono uingie kwa adabu, utulie, utoke. Akasema yeye alitaka kujua kwa kweli kama ule wa kuvimba unahisika gizani, kwa ajili ya yule dume. Nikamwambia dume amekwisha kufa, mtihani uko mbele. Darasa likainamisha vichwa. Nidhamu nzuri sana.

Mwanaidi akapita na furushi lake, akachungulia, akauliza kama siku hizi nafuga kasuku. Sikumjibu. Nilimjibu baadaye, alipokwisha kufika mbali.

Jumamosi, 10 Julai

Nimesalitiwa!

Meneja Ignas kwenye kiti, miguu kainyoosha. Watu wangu mstarini, mashati yamefuliwa. Mmoja baada ya mwingine: laini, inanata, imevimba. Bila kusita! Machozi yalinilenga. Nikafunga kazi mimi mwenyewe, na maelezo juu: kwamba ya kwanza ni wino uliosagwa vizuri, unateleza kama ganda la yai.

Melania akazitoa kadi mbele ya watu. Ya kwanza ilikuwa karatasi tupu. Haijawahi kuonana na wino. Ya pili ndiyo ya kuvimba. Ya tatu laini.

Kabadilisha mpangilio bila kuwatangazia watahiniwa! Nikasimama kupinga. Ignas alicheka mpaka akashika meza. Akasema haya binti, umejionea, mikono hii haitofautishi wino na karatasi tupu, sasa unga wa ghali wa nini? Pakiti zibaki zilivyo. Mwanaidi akadakia kwamba yeye alisema ya kwanza haina kitu. Ignas akasema mkono mmoja wa muuza vitenge si utafiti. Hapo nilimuunga mkono.

Melania hakupiga kelele. Alimwuliza Makoye taratibu, baba, ile ya pili hukuihisi imefura? Makoye akatazama chini. Akasema niliihisi, mama, ilinikwaruza kabisa. Lakini tulifundishwa kusema inanata.

Mjinga! Siri ya darasa kaitoa bure. Melania akageuka haraka kumwita meneja asikie. Meneja alikwisha kutoka.

Jumapili, 11 Julai

Binti alikuja kuaga kabla ya treni. Nikamkaribisha chai, hakukaa. Akasema, babu, lile kosa lako la Jumatatu ndilo jambo bora nililopata hapa. Msomi kama wewe asipoweza kutofautisha wino wa kawaida, mwenye kukoroga dawa gizani ataweza vipi? Hilo ndilo nililotaka meneja alione.

Nilimtuliza. Nikamwambia asihuzunike, kosa lile nilikwisha kulisahihisha. Alinitazama sana. Macho yalikuwa mekundu. Vumbi la hapa mwezi huu ni baya.

Kasahau kunishukuru.

Jumatatu, 12 Julai

Makoye kaja asubuhi na salamu zake za mwangaluka, kutoka duka la ujamaa. Mkononi pakiti mbili: moja ya minyoo, moja ya ghalani. Zimemchanganya njiani, na kusoma hajui. Akaomba nimsomee.

Kusoma kwa macho, mtoto yeyote wa darasa la pili anaweza. Nikafumba macho. Nikagusa ya kushoto, nikagusa ya kulia. Laini zote mbili. Lakini ya kulia ilikuwa na utulivu fulani, utulivu wa dawa. Nikatamka: hii ndiyo ya minyoo.

Akauliza, una hakika, mwalimu? Akaomba nifumbue macho japo kidogo nitazame maandishi. Nikamweleza kwa subira kwamba aliyefaulu harudii mtihani. Akashukuru, wabeja mwalimu, akaondoka, pakiti ya kulia kaitanguliza mbele kama taa.

Ng'ombe wake waliobaki wamekonda kwa minyoo, haifai kuchelewa. Nikamfuata hadi njiani nikampa agizo moja la wazi, nalo naliweka hapa: Makoye, leo hii hii, wakirudi tu zizini, wanyweshe hiyo ya kulia.