Masweta ya Watoto Hayana Hatia

Sokoni Kiboriloni, Moshi
9 Februari, 1994

Kwa Nesi Ruth,
Kliniki ya Watoto

Dada Ruth,

Pokea salamu zangu, na heshima ya kazi yako iko palepale. Mimi ni Kornelia, Mama Sirili, muuza masweta ya watoto ya mitumba. Nilifungua belo lenye masweta 312. Tangu uwafundishe akina mama kwamba sweta linaleta harara, vile vipele vya joto, nimeuza manne. Jana mama mmoja wa Mwika, kule juu mlimani, kapita mezani kwangu akipaza sauti: "Mae! Ndiyo haya yanayopika watoto!" Soko zima likacheka. Wanangu watatu wanasoma kwa masweta haya. Kwa hiyo nalalamika:

1. Mama akitoka Mwika alfajiri kuna ukungu. Sweta ni lazima. Akifika huku saa sita, jua linachoma. Sweta halijabadilika hata uzi mmoja. Mbona huulaumu mteremko?

2. Umesema harara ni aina tatu: vipele vya maji, vyekundu vinavyowasha, na vigumu vya ndani. Sweta ni moja. Aina mbili zilizobaki zitafutiwe mshtakiwa mwingine.

3. Umesema vipele hutoka jasho likizibiwa njia. Filemon, jirani yangu wa meza, anauza mafuta ya mgando, na watoto wanapakwa mpaka wanateleza mikononi. Yeye hujamtaja. Au ni kwa sababu mnaimba naye kwaya?

4. Unawavua watoto kabla ya kuwapima. Sweta, kofia na soksi ni gramu 400. Nimepima kwenye mzani wa nyanya. Mtoto anapungua gramu 400 kwa dakika moja, halafu unamgombeza mama yake!

Ombi langu ni dogo. Kliniki ihamie Mwika, juu kabisa kwenye baridi, nami nipewe meza mlangoni. Ikishindikana, tangaza kwamba dawa ya harara ni kupanda mlima.

Nisalimie wauguzi wote, pamoja na yule mzee wa getini anayenunuaga soksi kwangu.

Mimi, mwenye masweta 308,
Kornelia (Mama Sirili)

N.B. Leo nimemvika Primus, kitinda mimba wangu wa miezi minane, masweta mawili, nikamkalisha mezani awe tangazo. Kufika saa nane, shingo na makwapa ni vipele vyekundu vitupu. Nimemvua yote, nimemwogesha maji ya baridi kidogo, sasa anatambaa na nepi tu na amenyamaza. Ile losheni yenu ya pinki inapakwa mara ngapi kwa siku? Njoo unijibu mwenyewe, ila pitia nyuma ya soko, na hilo gauni jeupe liache kliniki.