Bao la Merle Lililozuiwa na Dubu

Kabla Merle hajavua glovu zake pale mkahawani, Spika, shabiki wao wa zamani, alikuwa ameshalifungua gazeti la wiki na kuanza kulisoma kwa sauti iliyowatoa wapishi jikoni.

"Sikieni! 'Ni miaka arobaini tangu ivunjike timu ya vijana ya hoki ya barafu, Mbwamwitu wa Wrenfield. Ilizaliwa Septemba, ikafa Machi. Nyumbani haikufunga hata bao moja.'"

"Uongo!" Merle alipiga meza, kahawa ikaruka. "Nilifunga mimi!"

Wenzake walimwita Mabao, kwa kumsanifu tu. Kesho yake ubao wa kumbukumbu ya timu ulikuwa unatundikwa uwanjani, na Merle alitaka jina lake liwepo kama mfungaji. Jambo hilo lilimnyima usingizi kweli.

"Halikuvuka mstari, Mabao," alisema Chujio, aliyekuwa golikipa wao.

"Kwa sababu lilizuiwa na dubu!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Bernice, mke wa Merle, hakuinua macho kutoka kwenye sweta alilokuwa anafuma.

"Si kosa letu mashabiki," Spika alijitetea. "Mechi ya Krismasi, bao la kwanza likiingia tunarusha midoli ya dubu barafuni, inaenda kwa watoto hospitalini. Desemba tukaja na dubu zetu, hamkufunga. Tukarudi nao Januari, hola. Februari, hola! Dubu wangu akaota ukungu, jamani!"

"Dubu hao walihudhuria mechi nyingi kuliko kocha," Chujio alidakia.

"Ikaja Machi, mechi ya mwisho!" Merle alinyakua ufagio nyuma ya kaunta, akainama nao kama gongo la hoki. "Nikamlaza beki. Nikamlaza kipa. Goli tupu! Nikaachia shuti, kisahani, ndio mpira wetu wa barafuni, kinateleza, kinakwenda, kinakwenda... mtu mmoja akashindwa kuvumilia! Dubu wake akatua mstarini, kisahani kikamgota tumboni, kikalala. Refa akakataa bao. Wengine nao wakamwaga dubu mia tatu, mechi ikavunjika, na timu ikavunjika! Huyo mtu namtafuta mpaka leo."

"Ukimpata?" Spika aliuliza.

"Atakiri mbele ya mji mzima, niandikwe!"

Bernice akaweka sindano zake mezani.

"Ni mimi, mume wangu."

Ufagio ukamponyoka Merle. "Wewe? Tulikuwa hata hatujajuana!"

"Mimi nilikuwa nakujua. Toka Oktoba nakuangalia unapiga mashuti, yote yanakwenda kwenye ukuta. Siku hiyo nikaona moja linaelekea golini, nikapagawa."

"Shemeji, umetuulia timu!" Spika alicheka huku anapangusa machozi.

Merle alitaka kukasirika, akashindwa. Kwa hiyo kuna mtu aliyekuwa anamtazama yeye msimu mzima! Alijikuta anacheka kama mtoto.

"Kesho utakiri?"

"Nitakiri. Ila na mimi niandikwe kwenye ubao."

"Kama nani?"

"Golikipa bora wa msimu. Pale Wrenfield, aliyezuia bao ni mimi peke yangu."

Chujio alichukua kofia yake, akatoka bila kumaliza kahawa.