Picha Yangu Imekataa Kuinuka

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi kwenye studio ya runinga. Umri wangu hauwahusu. Niliishia darasa la nne, kuandika najua, basi naandika: mimi nitakuwa mtayarishaji wa vipindi vya runinga. Mkwe wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, mama, kwa cheti gani? Nikamwambia kwa cheti cha kukuzalia mume.

Mwongozaji wa kipindi mwenyewe kasema pale hawaulizi digrii. Unaanza chini, unafika mapema, unafanya unachopewa, unapanda. Mimi nimepewa kiti. Nakaa kwenye kiti cha mgeni kabla mgeni hajafika, fundi taa anapanga taa zake usoni mwangu, wapiga kamera wanapima. Tayari wananiita Bibi Kiti. Sawa. Kila aliye juu alianza na jina la ovyo.

Sharti ni moja. Nisiinuke mpaka fundi taa aseme, "Bibi, inuka sasa." Nikauliza kwa nini. Akasema ndivyo alivyoelekezwa na aliyemtangulia, naye hakuuliza. Mwanamume mzima, ndevu zote zile, anaogopa kiti.

Jumanne, 4 Machi

Kuna nafasi ya msaidizi wa mtayarishaji. Atatajwa mtu Ijumaa. Tunaitaka wawili: mimi, na binti mmoja aliyemaliza chuo kikuu. Namwita Digrii. Anatembea na kalamu sikioni kana kwamba sikio ndilo linaloandika. Leo kaniamkia vizuri, akaniuliza hali ya magoti. Mnafiki.

Nikiwa kitini nikamwona anaingia kwa mwongozaji na kufunga mlango. Nikajua nasengenywa. Sasa nikae pale kama gunia huku natafunwa? Fundi taa alikuwa juu ya ngazi, kanipa mgongo. Nikainuka taratibu, nikaenda kutega sikio. Hawakuwa wakinisema mimi. Hata hilo liliniudhi.

Niliporudi, watu wameacha kazi zao. Wote wanatazama skrini inayoonyesha kinachonaswa na kamera. Kiti kitupu, nakiona kwa macho yangu. Lakini kwenye skrini nipo, nimekaa, mikono magotini, nimetulia kama maji mtungini. Nikapita mbele ya kamera. Skrini haikunionyesha nikipita. Ilimwonyesha yule wa kitini akigeuza macho kunifuata, kama mtu anayemtazama mpita njia.

Fundi taa alishuka ngazi mbio. Akanisihi nirudi nikae kama nilivyokuwa, aseme neno lake, yaishe. Nikamuuliza yeye ni nani wa kunipa ruhusa ya kuinuka. Ni rika la kitinda mimba wangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na akili mpya. Digrii yuko mmoja. Mimi niko wawili. Picha ikae mbele ya kamera, mimi nizunguke nyuma nijifunze kazi za wakubwa. Nikamweleza mwongozaji mpango huo. Aliusikiliza huku akitazama skrini, na jibu akalipeleka huko huko. Akasema, wazo zuri, bibi. Yule akaitikia kwa kichwa. Wazo langu, jamani.

Nyumbani mkwe wangu kaandaa meza. Vikombe vya wote, changu hakipo. Nikamsema kuanzia mlangoni hadi jikoni. Akaendelea kumimina chai. Kisha akamwambia mwanangu kuna baridi inaingia, aende akafunge mlango. Adabu zimekwisha duniani.

Alhamisi, 6 Machi

Pale kazini kuna mlango wa kioo unaofunguka wenyewe mtu akiusogelea. Leo umekataa. Nimesimama mbele yake mpaka Digrii alipokuja, nikajibanza nyuma yake. Nikamkanyaga kisigino makusudi. Akageuka, akatazama sakafu, akajikuna.

Yule wa kwenye skrini ameanza kupendeza. Kitambaa cha kichwani ni changu hiki hiki, ila chake kimepigwa pasi. Na sasa anaongea. Anawaambia wapiga kamera wasogee, wanasogea. Anasema tafadhali. Mimi sijasema tafadhali tangu nizaliwe. Watu wazima na akili zao, hawashtuki.

Nikachomoa waya wa skrini. Ikabaki inawaka. Yule akanitazama mimi peke yangu, akatikisa kichwa, vile vile ninavyowatikisia wajukuu.

Aliyebaki kuniona ni fundi taa tu, naye kwa kukodoa macho. Kaniambia, "Bibi, kaa. Nakuomba. Kesho akishatajwa huyo wa kwenye skrini, neno langu halitakufikia tena." Nikamuuliza, nikikaa ukaniinua, nafasi anaipata nani? Akasema labda Digrii.

Nikamwambia basi tuonane kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeshinda. Mwongozaji kanitaja mbele ya wote. Msaidizi wa mtayarishaji, bibi asiye na digrii, mfano kwa vijana. Wakapiga makofi wakiitazama skrini. Digrii akafuta machozi, akaenda kuipongeza skrini. Mimi nikasimama katikati yao nikipokea makofi yangu. Mama wa chai akapita na sinia lake. Hakunizunguka. Alinipitia katikati ya mwili, nami sikuhisi kitu ila joto kidogo la chai.

Fundi taa alibaki nyuma, anaita bibi, bibi, akigeukia kila kona. Nilikuwa begani kwake namwambia apunguze kelele. Akazima taa zake moja moja, akajifunika uso, akaondoka.

Hakunipongeza. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi

Familia nzima mbele ya runinga. Yule yuko hewani, anahojiwa namna ya kupanda kwenye runinga bila chuo kikuu. Anajibu vizuri mno. Mkwe wangu analia kwa furaha, anasema yeye alimdharau mama huyu bure. Mwanangu anasema tangu mama apate kazi amekuwa mpole. Mjukuu wangu wa mwisho akaisogelea skrini, akaibusu. Yule akamwita jina la kudekezwa ambalo hapa nyumbani namwita mimi tu.

Nilikuwa nyuma ya sofa. Nimewakoholea. Nimewasema mmoja mmoja. Nimeweka mkono kwenye kichwa cha yule mtoto, akavuta sweta juu, akasema anasikia baridi.

Nikautazama mkono wangu kidogo. Kidogo tu.

Wenye vyeo hawazoeani na familia zao, ndiyo kazi ilivyo. Lakini yule kavuka mpaka. Cheo nimepewa mimi, kukifanyia kazi anafanya yeye. Haya, akifanye. Mimi napanda juu yake. Jumatatu naingia studio ya taarifa ya habari. Nakaa kwenye kile kiti kikubwa cha msomaji, nangoja taa ziniwakie vizuri, nainuka kabla mtu hajafungua mdomo. Nitakuwa na wawili chini yangu, na mmoja wao ndiye atakayesomea taifa zima habari.

Tuone kama huyo naye atathubutu kusema tafadhali.