Mabakuli Mawili Yaliyokataa Kukauka

Jumatatu, 9 Juni
Siku ya kumi na moja ya ndoa yangu. Mvua. Tetsuro amemaliza supu yangu ya miso, akasema imezidi chumvi, kwa sauti tamu ajabu.

Leo amepaka tabaka la mwisho la urushi, utomvu ule wa mti unaong'arisha kama vanishi, kwenye mabakuli mawili: kubwa la mume, dogo la mke. Ni sisi, nina hakika. Yanatakiwa kwenye ukumbi wa maonyesho Jumamosi. Baba mkwe amesema yakikubaliwa, Tetsuro ataruhusiwa kuandika jina lake mwenyewe chini ya vyombo vyake. Miaka tisa mume wangu anangoja jina hilo! Mimi nimelipata kwa siku kumi na moja.

Jumanne, 10 Juni
Kazi yangu katika karakana ya baba mkwe ni kufuta vumbi. Nimefuta mpaka nikafika kwenye kabati la kukaushia. Nikachungulia. Ndani, matambara yaliyolowa yametundikwa pande zote. Nani anakausha kitu kwa matambara mabichi, tena msimu wa mvua? Namshuku wifi yangu Sanae. Hajanipenda tangu nilipogeuza viatu vyake vibaya mlangoni.

Nimeyatoa yote. Nimeingiza kikausha nywele changu, zawadi ya harusi. Dakika arobaini, moto wa juu kabisa. Mapenzi ni vitendo.

Jumatano, 11 Juni
Mabakuli yananata kuliko jana. Niligusa kidogo tu, chini, kwa kidole kimoja. Mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko na unawasha kama upupu.

Baba mkwe aliuliza nani ametoa matambara. Sanae akautazama mkono wangu. "Wifi, umekuja kuolewa au kuanika nguo?"

Nikakiri. Baba mkwe hakufoka. Alisema urushi si shati, binti yangu. Huiva kwa unyevu. Hewa kavu huiacha mbichi. Nilitamani kuingia kabatini nijifungie.

Tetsuro alinipaka dawa, kidole kimoja kimoja. Kuwashwa si kubaya ukiwa na mume.

Alhamisi, 12 Juni
Sasa nimeelewa! Ni unyevu. Baba mkwe amerudisha matambara, akayanyunyizia maji kiduchu, akasema tungoje, pengine yatawahi. Pengine! Zimebaki siku mbili. Kama kidogo kinafaa, kingi kinafaa zaidi.

Walipokwenda kula tambi za soba mchana, nilisingizia mkono. Birika tatu za maji yanayochemka, beseni ndani ya kabati, mlango nikaufunga. Mvuke ukatoka kwenye nyufa kama bafu la umma. Nikaliimbia kabati nyimbo mbili za harusi yetu.

Ijumaa, 13 Juni
Yamekauka. Kavu kabisa. Na yamekunjamana kama zile plamu za chumvi za mama mkwe.

Baba mkwe aliyageuzageuza. Akasema juu kumeiva kwa pupa na chini bado kubichi, ndiyo maana ngozi imejikunja. Yatasuguliwa, yaanzwe upya. Maonyesho basi, mpaka yale ya vuli. 

Tetsuro alitoka akasimama uani, mvuani. Nikamfuata na mwavuli. Tulisimama mpaka soksi zangu zikalowa. Kisha akasema: "Chizuru, nimengoja miaka tisa. Miezi mitano nitaiweza. Ila nakuomba kitu kimoja, mke wangu. Usinisaidie."

Mke wangu! Mbele ya majirani! Nililia, na si kwa huzuni peke yake.

Jumapili, 15 Juni
Wengine wamekwenda kutazama mabakuli ya watu. Tetsuro amebaki anasugua ya kwetu. Amebandika utepe mwekundu sakafuni, nisiuvuke. Nimekaa upande wangu nikimtazama mabega. Mabega gani yale!

Nimefikiri sana. Nimeahidi kutomsaidia Tetsuro. Kuhusu mabakuli, sikuahidi chochote. Kosa lilikuwa maji ya bomba. Chemchemi ya moto kule Higashiyama hulainisha ngozi hata ya bibi wa miaka themanini. Mbele ya maji kama hayo, makunyanzi yataanzia wapi?

Asubuhi nilipanda basi la kwanza. Nimejaza chupa sita na kuzificha nyuma ya gunia la mchele. Vuli si mbali.