Ndama Aliyepotelea kwa Mzee Irambona

Jumatatu, 3 Juni
Nimeamua. Namuoa Anneth, binti wa Mzee Irambona! Hakuna aliyeambiwa ila Shangazi Priscila, na hapo ndipo ulipo ujanja wangu. Hapa Nyakahura mtu mwenye adabu hatamki jambo kama hilo kwa kinywa chake. Anazunguka mpaka wenye binti waelewe wenyewe. Shangazi amejitolea kwenda kuniposea leo hii. Nimemkataza. Haraka haraka haina baraka.

Jumanne, 4 Juni
Nimempa mzee shikamoo, nikakaa, nikasifia zizi lake. Nikasema kwetu kuna ng'ombe wasiotulia, kama wanaotamani kuhamia kwa watu. Mzee akatikisa kichwa polepole. Ameelewa! Kisha akasema kama nina nguvu, maharage yake yanasubiri kupigwa. Nimepiga hadi jioni. Viganja vyote malengelenge. Mkwe gani asiyejaribiwa?

Alhamisi, 6 Juni
Bado napiga maharage. Anneth ameniletea maji. Akaniambia, mbele ya mama yake, kwamba kama nina neno niliseme sasa, maana Ndikuriyo wa Nemba, yule wa bodaboda, ameanza kupitapita. Nilishtuka. Msichana mzuri, lakini kuzunguka hajui kabisa! Nikamjibu kwa hekima kwamba maharage yakikaa sana juani hupasuka yenyewe. Akaniangalia. Akasema basi niendelee kuyapiga, akaondoka na kikombe kabla sijanywa. Aibu za kike hizo.

Jumamosi, 8 Juni
Ndikuriyo amekuja. Hata pikipiki hakuizima! Amemwambia mzee kwamba anampenda Anneth na anataka kumuoa. Hivyo hivyo, mchana kweupe! Mzee akamwambia hapa si gulioni, akatafute kwanza mtu anayejua kusema. Nilikuwa nyuma ya ghala. Nimecheka hadi nikapaliwa na vumbi la maharage.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa Ndikuriyo amenifuata. Anasema amerudi kumuuliza mzee ni nani anayejua kusema, na mzee amenitaja mimi. Eti hajapata kuona kijana anayezunguka kama mimi, wiki nzima na hajafika! Kwa hiyo Ndikuriyo anaomba niwe msemaji wa upande wake kwenye posa Jumamosi. Mimi! Kukataa waziwazi ni utovu wa adabu. Nikamwambia barabara ya kwa mzee ina vumbi sana kiangazi hiki. Akanishukuru. Akasema nisijali, atanibeba kwa pikipiki.

Jumamosi, 15 Juni
Amenibeba kweli.
Mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ulikuwa katikati, wazee kwenye mirija. Nikasimama. Nikasema ndama wetu amepotea, tumefuata nyayo, zimeishia kwenye lango hili. Nikamsifu ndama huyo: macho yake, mwendo wake, upole wake. Kila neno lilitoka moyoni. Wazee walipiga makofi, mama yake Anneth akajifuta machozi kwa kanga. Mzee akasema ndama yupo, ila aulizwe mwenyewe.
Anneth akaitwa. Kabla ya kujibu aliniangalia mimi, kwa muda mrefu. Nikatazama bati la paa. Nilidhani ataelewa.
Akasema amekubali kwenda Nemba.
Roho imeniuma kuliko nilivyowahi kuumwa na jambo lolote. Ndikuriyo akataka kunirudisha. Nikamwambia natamani kunyoosha miguu, nikatembea peke yangu nikilia.

Jumatatu, 17 Juni
Shangazi Priscila anasema nimemkosa Anneth kwa sababu sikufungua kinywa. Nimekaa, nimetafakari sana. Shangazi amekosea. Kosa langu ni kwamba nilikuwa wazi mno. Yale maneno ya ng'ombe, siku ya kwanza tu! Lazima mzee aliniona sina subira.

Kuna Francisca, binti wa fundi baiskeli. Mcheshi, mchapakazi. Safari hii sitataja ng'ombe hata mmoja. Kesho namkokotea baba yake baiskeli yangu, naiegemeza ukutani, nakaa kimya.

Baiskeli ni nzima kabisa. Mwenye akili ataelewa.